Namba Mbili za Marehemu Sigurlina Oddny Prokopchuk, 1952–2024

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo, Jumatatu tarehe 12 Februari 2024, katika kanisa hili la Kilutheri la Arborg, pamoja na theluji iliyofunga barabara ya Riverton mpaka saa tatu asubuhi, Bwana Walter Prokopchuk na ukoo wote wa Bjarnason wanawashukuru, na wameniomba mimi, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake kama yalivyokuwa, bila kuongeza na bila kupunguza. Marehemu mwenyewe aliyapitia maandishi haya mwezi Januari, kalamu mkononi, akasahihisha tarehe mbili na jina moja, na akaagiza kwamba sehemu ya ugonjwa wake isifupishwe, kwa sababu, alivyosema, ndiyo sehemu ambayo watu wataisimulia vibaya. Wapo watakaosema kwamba hospitali ilimkosea, na wapo watakaosema kwamba alikataa matibabu kwa ukaidi, na yeye hakutaka kuzikwa na uongo wa aina yoyote kati ya hizo mbili.

Marehemu Sigurlina Oddny, ambaye wengi wenu mlimwita Lina, alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 14 Machi 1952, katika shamba la wazazi wake lililo maili nne kaskazini ya mji huu, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Bwana Hallgrimur Bjarnason, mkulima wa shayiri na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na Bibi Gudny, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Gudny Eyford. Jina la Oddny alipewa kwa heshima ya bibi yake mzaa baba, aliyeletwa hapa Manitoba, Kanada, kutoka Iceland akiwa na umri wa miaka sita. Katika watoto hao watano wamebaki wawili, dada yake mkubwa Gudrun, ambaye ni mke wangu, na mdogo wao Bwana Stefan Bjarnason wa Selkirk.

Alianza shule hapa Arborg mwezi Septemba 1958, akamaliza darasa la kumi na mbili mwezi Juni 1970, akiwa wa pili katika darasa la wanafunzi ishirini na wanane, na wa kwanza, kama alivyopenda kutukumbusha, alikuwa Bwana Norman Sigvaldason, ambaye yupo hapa leo na hatapinga. Katikati ya masomo hayo, tarehe 3 Novemba 1969, mama yake alifariki dunia kwa saratani ya matiti, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita, baada ya kufanyiwa upasuaji wa siku zile, ambao uliondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapani, na kumwacha asiweze kuanua nguo kwenye kamba. Mwanamke mwingine wa kijiji hiki, aliyepasuliwa na daktari huyohuyo mwezi huohuo, aliishi mpaka akafikisha miaka themanini na tisa. Lina alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, akauliza ni kitu gani kilichowatenga wanawake hao wawili, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na jibu, isipokuwa mchungaji wa wakati ule, ambaye jibu lake halikumtosha.

Mwaka 1970 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Winnipeg, akasomea kazi ya kuandaa tishu za wagonjwa kwa ajili ya uchunguzi, akahitimu Juni 1972, na siku ya Jumatatu tarehe 2 Oktoba mwaka huo akaajiriwa katika maabara ya Hospitali ya Mtakatifu Brigida, alikofanya kazi miaka arobaini na mmoja na miezi tisa bila kuhamia kwingine. Kazi yenyewe si wengi waijuao. Kinyama kinachotolewa katika mwili wa mgonjwa huhifadhiwa kwa dawa, hukaushwa maji, hujazwa nta, kikawa kitofali kidogo kama kipande cha sabuni ya hotelini, kisha fundi hukikata kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, akaviweka vielee juu ya maji ya uvuguvugu, akaviopoa kwa kioo na kuvitia rangi, na hapo ndipo daktari wa patholojia hukaa kwenye hadubini akasema ni ugonjwa gani. Daktari huandikiwa barua za shukrani, na fundi hakuna amjuaye, jambo ambalo marehemu aliliona ni sawa kabisa, kwa kuwa hakupenda barua.

Alikuwa mkali kazini. Kisu kilisafishwa baada ya kila mgonjwa, maji ya beseni yalipanguswa uso wake kwa karatasi, ili chembe ya mtu mmoja isielee ikakaa kwenye kioo cha mwingine, na aliyesahau aliambiwa mbele ya wote. Bi. Erlinda Macaraeg, aliyekuja kutoka Pangasinan, Ufilipino, akaanza kazi hapo mwezi Mei 1991 chini ya mafunzo ya Lina, alikuwa peke yake aliyethubutu kumtania, akimwambia kwamba angekuwa mpishi wageni wangeiona sahani kupitia nyama, naye Lina akimjibu kwamba yeye Erlinda, kwa ukarimu, angewalisha mpaka kisu. Walikaa meza zinazopakana kwa miaka ishirini na mitatu, Erlinda akimwita Dada, na huo haukuwa utani.

Palikuwa na desturi katika chumba kile, isiyoandikwa popote, kwamba fundi hakati kitofali cha ndugu yake wala cha mtu anayempenda. Kikimjia hukisukuma kwa mkono wa kushoto mpaka meza ya pili, bila neno, na wa meza ya pili hukipokea bila kuuliza. Naomba mlikumbuke hilo kwa muda mfupi tu, kwa kuwa bila hilo yatakayofuata hayaeleweki.

Siku ya Jumamosi tarehe 21 Juni 1975 marehemu alifunga ndoa na Bwana Walter Prokopchuk wa Fraserwood, fundi wa nguzo za umeme, katika kanisa la Kiukreni la huko, na karamu ikafanyika hapa Arborg, ili kila upande upate kulalamikia chakula cha upande wa pili. Walijaliwa watoto wawili, Thora, aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1977, ambaye ni mwalimu wa hesabu mjini Winnipeg, na Orest, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1980, fundi wa magari makubwa huko Brandon. Ameacha pia wajukuu watatu, Kalyna, Hallgrimur na Petro.

Mwaka 2008 kilifika katika hospitali ile kipimo kipya. Kabla ya hapo, mwanamke aliyekutwa na uvimbe mdogo, ambao haujafika kwenye tezi za kwapani, alipasuliwa, kisha mara nyingi akapewa kemo, zile dawa kali za mshipani zinazonyonyoa nywele, kwa kuhofia, ilhali ilijulikana kwamba wengi wa wanawake hao wasingerudiwa na ugonjwa hata bila kemo, ila haikujulikana ni nani na nani. Kipimo hiki kilikuwa cha wale ambao uvimbe wao unalishwa na homoni. Vipande vya kitofali chao vilipelekwa maabara moja ya Marekani, ambako zilisomwa jeni ishirini na moja za uvimbe wenyewe, zipi zinafanya kazi kwa bidii na zipi zimetulia, na kwa hesabu ikatolewa namba moja kati ya sifuri na mia. Namba ndogo ilikuwa dalili ya uvimbe mvivu, ambao vidonge vya homoni vinautosha, na namba kubwa ilikuwa dalili ya uvimbe wenye haraka, unaohitaji kemo. Lina alimwambia mke wangu kwamba, baada ya miaka thelathini na tisa, mtu ameanza kulijibu swali lake la mwaka 1969, na kwamba jibu linapitia mkononi mwake. Sijamsikia akijisifu mara nyingine.

Mwezi Oktoba 2011, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, picha ya kawaida ya matiti ilionyesha doa katika titi lake la kushoto, tarehe 11 akatobolewa kwa sindano nene na kuchukuliwa kinyama, na siku ya Jumanne tarehe 8 Novemba akapasuliwa. Uvimbe ulikuwa na upana wa milimita kumi na sita, tezi za kwapani zilikuwa safi, na homoni ndiyo iliyokuwa ikiulisha, kwa hiyo alikuwa hasa mwanamke ambaye kipimo kile kilitengenezwa kwa ajili yake. Vitofali vyake vinne viliingia katika chumba chake mwenyewe vikiwa na namba na herufi bila jina, lakini mafundi wote wanne waliijua namba ile, vikasukumwa kwa mkono wa kushoto kutoka meza ya kwanza hadi ya pili, kutoka ya pili hadi ya tatu, mpaka vikafika kwa Bi. Erlinda, ambaye meza yake ilikuwa imeegemea ukuta, wala hapakuwa na meza nyingine ya kuvisukumia.

Namba ikarudi siku ya Jumatano tarehe 7 Desemba, nayo ilikuwa thelathini na nne. Daktari wake wa saratani, Dkt. Colette Desrosiers, alimweleza kwa upole kwamba namba hiyo ni kubwa na kwamba kemo ianze katikati ya Januari. Lina alikubali. Thora aliomba likizo shuleni, akanunua kofia mbili za sufu laini, akaandika ratiba ya nani ataendesha gari siku gani, akaibandika kwenye jokofu, na watu wa nyumba ile, ambao walikuwa hawajalala vizuri tangu Oktoba, wakaanza kulala, kwa kuwa sasa palikuwa na la kufanya.

Juma lililofuata, tarehe 14 Desemba, mafundi walikuwa na chakula chao cha Krismasi, kila mtu akileta sahani yake, na Lina, ingawa alikuwa katika likizo ya ugonjwa, alikwenda na keki yake ya matabaka ya plamu. Ndipo Bi. Erlinda, akimkalisha karibu naye, akamwambia kwamba hakumfanyia ubahili, alimchagulia kitofali kikubwa kuliko vyote, A4, ili Wamarekani wasije wakasema nyama haikutosha. Yanayofuata nimeyapata kwa wote wawili, na Bi. Erlinda ameusoma ukurasa huu kabla yenu na kusema usomwe.

Lina alimuuliza kama daktari wa patholojia alikuwa ameizungushia wino A4, alama ya uvimbe uliochaguliwa kupimwa. Erlinda akajibu kwamba wino ulikuwa kwenye A2, ila A4 nayo ilikuwa na uvimbe, tena mwingi. Lina akamuuliza kama aliikwangua, kwa maana kwamba kabla ya kupeleka vipande fundi hukwangua kwa kisu kidogo nyama yote isiyokuwa uvimbe, isichanganyike. Erlinda aliweka sahani yake chini.

"Nilishindwa, Dada," alisema. "Kisu nilikuwa nacho mkononi. Lakini ulikuwa wewe pale kwenye kioo, nikaona nisikuguse zaidi."

Lina alikwenda mwenyewe kwenye hadubini, akakiweka kioo cha A4, akakitazama kwa muda wa dakika kama tano. Katikati ya uvimbe kulikuwa na tundu la ile sindano nene ya Oktoba, na pembezoni mwake nyama mbichi iliyokuwa ikiponyesha jeraha, na chembe za nyama inayopona hujigawa upesi, na jeni zake hufanya kazi usiku na mchana, na mashine ya Marekani haiwezi kujua kwamba haraka ile ni ya kovu wala si ya saratani. Namba ya thelathini na nne ilikuwa imesoma vitu viwili kana kwamba ni kimoja.

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, na marehemu alitaka muuone. Mtu aliyepewa hukumu nzito akadai kwamba hakimu amekosea husikilizwa kwa huruma, lakini haaminiwi. Dkt. Neville Gunasekara, mkuu wa patholojia, alimwambia hivyo waziwazi siku ileile, kwamba kila mwenye namba kubwa huomba nyingine, na ikija ndogo huiamini kwa sababu ni ndogo. Lina akamjibu, akiwa amesimama:

"Ikija kubwa, Januari nitatundikiwa kemo bila neno. Siombi namba ndogo, Daktari. Naomba iwe yangu."

Daktari alikubali. Swali likawa nani atakata. Mafundi wengine wawili walijitolea, na Lina akawakatalia, akasema kitakatwa na Erlinda, kwa sababu fundi asiporudi kwenye kitofali kilichomshinda hatarudi kwenye kingine chochote. Akatoka nje ya chumba, akaketi kwenye benchi ya ukumbini na koti lake mapajani, na Bi. Erlinda akaikata A2, ambayo haikuwa na tundu, akaikwangua mpaka kwenye mstari wa wino, akaja kumwambia kwamba amemaliza, wakaenda kula keki.

Thora alipoambiwa alikasirika. Kwa mwalimu wa hesabu, kupima mara mbili kisha kuchagua lilikuwa kosa analowapigia kelele wanafunzi, na alimwambia mama yake mezani, mbele ya baba yake, "Wewe hutafuti ukweli, Mama, unatafuta namba itakayokupendeza." Lina alimwambia kwamba angelikuwa mwanafunzi wake angempa alama zote kwa swali hilo, kisha akamwonyesha kwamba hakukuwa na kuchagua, kwa maana alikwisha kuahidi kabla, na kwamba kitu kimoja hakikupimwa mara mbili, bali vitu viwili vilipimwa mara moja moja. Thora alielewa hesabu, lakini hakuweza kuuelekeza moyo kwenye lile alilolielewa, na ratiba ya magari iliendelea kukaa kwenye jokofu.

Namba ya pili ilifika siku ya Alhamisi tarehe 5 Januari 2012, nayo ilikuwa kumi na tano. Dkt. Desrosiers alizichunguza namba zote mbili pamoja na picha za vioo, akasema kwamba ya pili ndiyo ya uvimbe, na kwamba kwa namba hiyo, wanawake mia wakimeza vidonge vya homoni, wapatao kumi watarudiwa na ugonjwa katika miaka ya mbele, na kemo haitawapunguza kwa kiasi cha kuonekana. Lina alikubali vidonge na akaiacha kemo, si kwa ukaidi, bali kwa ushauri wa daktari wake, na karatasi ya ushauri huo ninayo hapa. Orest alimpongeza. Bwana Walter alikwenda nje kuondoa theluji ambayo alikuwa amekwisha kuiondoa asubuhi. Thora aliibandua ratiba, akaikunja, akaiweka mkobani, na tangu siku hiyo hakuitaja tena ile namba kumi na tano kwa muda wa miaka kumi na miwili, ijapokuwa alikuja kila Jumapili.

Baada ya hayo marehemu aliomba kwamba wanawake wote waliotangulia kupimwa wapitiwe upya, wakapitiwa thelathini na mmoja, wakapatikana wawili ambao vitofali vyao navyo vilikuwa na tundu la sindano, na mmoja wao alikuwa amekwisha kupewa kemo ambayo pengine hakuihitaji. Wapo waliosema kwamba kumwandikia ni kumuumiza bure, lakini Lina alisema kwamba nywele zilikuwa zake na haki ya kujua ni yake, na barua ikaandikwa. Desturi ya kusukuma vitofali kwa mkono wa kushoto ilikomeshwa. Sasa vitofali vya mafundi wenyewe na vya jamaa zao hupelekwa kukatwa hospitali nyingine, na jambo hilo limeandikwa na kubandikwa ukutani.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2014, na mwaka uliofuata yeye na Bwana Walter wakarudi Arborg, katika nyumba ya njano iliyo nyuma ya maktaba, ambako alilima vitunguu saumu, aliwahesabia kura wazee wa kanisa, na aligombana na halmashauri juu ya taa ya barabarani mpaka ikawekwa. Alimeza vidonge vyake miaka saba, kama alivyoagizwa.

Mwezi Septemba 2022 alianza kuumwa nyonga, akadhani ni kwa kuinamia vitunguu, na tarehe 27 picha ikaonyesha kwamba saratani ileile imerudi na kukaa katika mifupa, karibu miaka kumi na mmoja tangu apasuliwe. Alipewa dawa mpya, zikamsaidia kwa mwaka mmoja na zaidi kidogo, kisha zikaacha kumsaidia.

Bi. Erlinda alikuja kumwona Jumapili ya pili ya Oktoba mwaka huo wa 2022, amebeba sufuria ya tambi alizopika mwenyewe, akaiweka mezani asiifunue. Thora alikuwa jikoni akiosha vyombo, na mlango ulikuwa wazi.

"Kosa langu lingekuokoa, Dada," Erlinda alisema. "Ningenyamaza tu siku ile ungepewa kemo."

Lina alimwambia kwanza afunue sufuria kwa sababu chakula kinapoa, kisha akamwambia kwamba labda ni kweli na labda si kweli, na kwamba hakuna hadubini ya kulitazama jambo hilo. Kwa wanawake mia wenye uvimbe kama wake kemo ingekuwa sumu bila faida, na yeye hakuwa na mahali pengine pa kusimama isipokuwa miongoni mwao. Kisha akasema neno ambalo Thora alilisikia, naye ndiye aliyenipa:

"Walisema kumi katika mia, Erlinda, na hao kumi ni watu. Kila mmoja ana nyumba yake, na mmoja anakaa hapa Arborg. Namba haikunidanganya. Kula."

Wakala. Maji jikoni, Bi. Erlinda anakumbuka, yaliendelea kutiririka kwa muda mrefu, na hapakuwa na sauti ya vyombo.

Majira ya kiangazi yaliyofuata Thora alikwenda peke yake kwa Dkt. Desrosiers, akamuuliza kama kemo ingezuia, na daktari, ambaye angeweza kumfariji kwa kusema ndiyo au kwa kusema hapana, alimwambia kwamba hajui, na kwamba hakuna atakayejua. Thora alirudi akamweleza mama yake alikokuwa, na mama yake akamuuliza kama alipata mahali pa kuegesha gari.

Tarehe 19 Januari mwaka huu marehemu alitia saini fomu ya kuruhusu kitofali chake na taarifa zake zitumike katika utafiti, unaouliza kwa nini baadhi ya wanawake wenye namba ndogo hurudiwa na ugonjwa baada ya miaka mingi, ili zitafutwe katika jeni zao alama nyingine, zitakazowatambua wa aina hiyo mapema. Alijaza kila nafasi isipokuwa mbili. Moja ilikuwa tarehe ya kufariki, ambayo hakuweza kuijaza. Nyingine ilikuwa namba ya kipimo, ambayo aliijua kuliko mtu yeyote, na Bwana Walter alipomwonyesha kwamba ameiruka, alisema ataijaza Thora.

Marehemu alifariki dunia siku ya Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa kumi na dakika ishirini jioni, katika hospitali ya hapa Arborg, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na mumewe, watoto wake wote wawili na dada yake Gudrun wakiwa kando ya kitanda. Kwa kuwa ardhi imeganda, jeneza litawekwa akiba, na maziko yatafanyika siku ya Jumamosi tarehe 18 Mei, saa tano asubuhi, kando ya kaburi la mama yake.

Siku ya Jumatano, tarehe 7, familia ilikaa mezani na ile fomu. Jalada la hospitali lilikuwa na namba mbili, na fomu ilikuwa na nafasi ya moja. Thelathini na nne ingeeleza kila kitu vizuri, ingesema kwamba ugonjwa ulikuwa mkali tangu mwanzo, kwamba binti alikuwa amesema kweli na mama alikuwa amejidanganya, na hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angemlaumu aliyeiandika. Thora aliandika kumi na tano, akaandika tarehe ya kufariki chini yake. Orest alimuuliza kama ana hakika.

"Ile nyingine haikuwa ya Mama," alisema, akaifunga bahasha.

Familia inawashukuru Dkt. Colette Desrosiers na wauguzi wake, Dkt. Neville Gunasekara, aliyetuma salamu kutoka Victoria kwa kuwa afya yake haimruhusu kusafiri, madaktari na wauguzi wa hospitali ya Arborg, majirani wa mtaa wa maktaba, hasa akina Sigvaldason na akina Humeniuk walioondoa theluji mlangoni tangu Novemba bila kuombwa, na mafundi wa maabara ya Mtakatifu Brigida, waliokuja wote leo na kuacha chumba kile kimefungwa kwa mara ya kwanza wanayoikumbuka. Bi. Erlinda Macaraeg ameketi mstari wa mbele pamoja na watoto, kwa maombi ya Thora. Chakula kitakuwa ukumbi wa chini mara baada ya ibada, na mnaombwa msiondoke kabla ya kula, kwa maana marehemu asingeliruhusu.

Sigurlina Oddny, binti wa Hallgrimur na Gudny, mke wa Walter, mama wa Thora na Orest, dada yetu, pumzika sasa, na amani iwe yako.